Swichi Inaitika, Lakini Inaumwa

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nasimamia mtandao wa chuo chenye majengo 9 hapa Tanga, una swichi 52 (vifaa vinavyounganisha kompyuta) na ruta 2. Tunatumia mfumo huria wa ufuatiliaji, na ofisini tuna runinga ukutani inayoonyesha dashibodi, yaani ukurasa wa hali ya vifaa, saa zote. Jumamosi iliyopita swichi kuu ya jengo la maabara ilizima ghafla. Nilipofungua kurasa za ndani za mfumo nikakuta feni 2 kati ya 3 zilikuwa zimesimama siku 19 kabla, na pawa saplai (kifaa cha kuilisha swichi umeme) moja haikuwa na umeme tangu mwezi uliopita. Muda wote huo dashibodi ilikuwa kijani kitupu. Nimewasha tahadhari zote za vifaa, na sasa simu yangu inapokea jumbe karibu 200 kwa siku. Wenzangu wameshaanza kuzifunga. Nifanyeje ili onyo la kweli lionekane?

Jibu: Pole sana kwa Jumamosi hiyo, ndugu yangu. Jambo lililonigusa katika maelezo yako ni kwamba mfumo ulikuwa unajua. Siku zote 19 uliiuliza swichi hali yake, swichi ikajibu kwamba feni zimesimama, na jibu likahifadhiwa vizuri kwenye ukurasa ambao hakuna mtu anayeufungua bila sababu. Vihisi vilifanya kazi yao. Kilichokatika ni njia ya kutoka kwenye kihisi hadi kwenye jicho la mtu aliye zamu, na hapo ndipo pa kutengeneza.

Anza na kijani chenyewe. Kwenye runinga yako kinamaanisha nini hasa? Katika mifumo mingi, kisanduku cha kifaa hupakwa kijani kwa sababu moja tu: kifaa kimejibu pingi (swali fupi la “upo?” linalotumwa mtandaoni), na pengine kimejibu SNMP (lugha ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali yao). Mgonjwa wa malaria ukimwita jina anaitika, na kuitika kwake hakusemi chochote kuhusu homa aliyonayo. Swichi yako iliitika kwa siku 19, ikapakwa kijani kwa siku 19.

Kwa hiyo kila kifaa kipewe alama mbili zinazosimama peke yake. Moja ijibu: kinapatikana? Ya pili ijibu: ni kizima? Usizichanganye ziwe rangi moja, kwa maana ukizichanganya, ile ya kwanza huwa inaimeza ya pili. Waliotunga Redfish, kiwango cha kusimamia seva kilichotoka mwaka 2015, walitenganisha vizuri: kifaa kinataja hali yake ya kuwepo kazini mahali pamoja, na afya yake mahali pengine. Tena afya yenyewe ina sehemu mbili, ya kifaa chenyewe na ya jumla ya vyote vilivyomo ndani yake. Hiyo ya jumla ndiyo uliyoikosa. Kanuni yake ni fupi: kitu kibaya kuliko vyote kilichoko chini ndicho kinachopanda juu. Feni ikiugua, swichi ionekane inaugua. Swichi ikiugua, jengo lionekane lina mgonjwa. Mtu akiwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi, aone kwamba Maabara ina shida bila kubonyeza chochote.

Hapa kuna jambo linalowatatiza wengi, nami nataka nikae nalo kidogo. Pawa saplai moja kati ya mbili ikifa, mtandao hautetereki hata kidogo. Wanafunzi wanaendelea, pingi inarudi, hakuna anayelalamika. Ndiyo maana watu huipa hali hiyo uzito mdogo kabisa, wakati ukweli ni kwamba kuanzia dakika hiyo unasafiri bila tairi la akiba. Ulilipia pawa saplai ya pili ili ya kwanza ikifa upate muda wa kuibadilisha, na onyo usipoliona muda huo unapotea bure. Mimi huipa hali hii jina lake kwenye dashibodi, “akiba imekwisha”, nikaiweka katikati: juu ya tahadhari ya kawaida, chini ya dharura. Haimwamshi mtu usiku, ila haipiti siku ya kazi bila mtu kuandikiwa kazi hiyo kwa jina lake.

Sasa tuje kwenye vihisi vyenyewe, maana dashibodi nyingi hupotoka mapema zaidi, pale namba inapotafsiriwa. Chukua namba 3. Katika orodha ya hali za mazingira ya vifaa vya Cisco, 1 ni sawa, 2 ni tahadhari, na 3 ni hatari. Katika seva za Dell, 3 ndiyo sawa. Katika orodha ya zamani ya Compaq iliyorithiwa na HP, 2 ni sawa na 3 ni kudhoofika. Katika kiwango cha jumla cha vihisi, waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 3433 wa mwaka 2002, 3 ni kihisi kilichoharibika chenyewe. Na kwa Nagios, mfumo wa ufuatiliaji, 3 ni haijulikani. Namba moja, maana tano. Fundi aliyetoka kwenye seva akaandika kanuni moja kwa vifaa vyote, atapaka kijani juu ya swichi inayoungua. Kwa hiyo tengeneza jedwali la tafsiri kwa kila aina ya kifaa ulichonacho, na namba ghafi isimfikie mtazamaji kamwe. Aone neno.

Kiwango hicho cha RFC 3433 kina mtego mwingine. Thamani huja pamoja na kipimo na idadi ya desimali, hivyo joto la 41.5 linaweza kuja kama 415. Vilevile kila kihisi kina sehemu inayoeleza kama usomaji wake unaaminika. Ikisema kihisi hakipatikani au kimeharibika, namba iliyo kando yake usiionyeshe kabisa. Nimewahi kuona grafu za joto la sifuri hapa pwani, na hakuna aliyejiuliza.

Hilo linanifikisha kwenye kosa ninaloliona baya kuliko mengine yote: kupaka kijani pale ambapo hakuna taarifa. Tarehe 28 Machi 1979, katika kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, vali moja ya kupunguza shinikizo ilikwama ikiwa wazi. Taa yake mbele ya waendeshaji ilizimika, nao wakaamini vali imefunga. Lakini taa hiyo haikuonyesha vali ilivyo. Ilionyesha tu kwamba amri ya kuifunga imetolewa. Maji ya kupozea yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili. Kila kisanduku cha kijani kisicho na usomaji wa karibuni nyuma yake ni taa ya namna hiyo: kinaonyesha tunachotumaini.

Basi weka rangi nyingine, kijivu, kwa maana ya “hatujui”, na uipe heshima yake. Usomaji ukipitwa na mizunguko mitatu ya kuuliza bila kuja upya, kisanduku kiwe kijivu chenyewe. Na hapo kuna ujanja unaowanasa hata wazoefu. Baadhi ya vifaa, pawa saplai ikichomolewa au feni ikifa kabisa, huondoa mstari wake wote kwenye jedwali la SNMP. Kanuni yako inasema “nipigie kelele hali isipokuwa sawa”, ila hakuna tena hali ya kupima. Mstari umetoweka, kanuni imekaa kimya. Dawa yake ni kuhesabu. Andika mahali kwamba swichi ya Maabara inapaswa kuwa na feni 3 na pawa saplai 2, kisha linganisha kila siku idadi iliyopo na idadi inayotakiwa. Prometheus, mfumo huria wa ufuatiliaji, ina kitendaji cha absent() cha kugundua mstari uliotoweka. Kwenye mifumo mingine utaandika mwenyewe swali la kuuliza mfumo. Orodha hiyo itakusaidia pia kwa upande wa pili: zile swichi zilizonunuliwa na pawa saplai moja tangu mwanzo, zinazolalamika kila siku kuhusu tundu tupu, zitanyamaza kwa haki, kwa sababu umeandika kwamba tundu hilo ni tupu kwa makusudi.

Viwango vya mpaka. Anza na vile vilivyowekwa na mtengenezaji ndani ya kifaa, kwa kuwa vihisi havifanani. Nyuzi 60 ndani ya chipu kuu zinaweza kuwa hali ya kawaida. Nyuzi 60 kwenye hewa inayoingia ni maafa. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upoozaji, kinapendekeza hewa inayoingia kwenye vifaa vya kompyuta iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Chumba chenye kiyoyozi kitafika hapo. Kabati la swichi chini ya ngazi huko Tanga halitafika mwezi Februari, na ukiweka onyo kwenye 27 litawaka mwaka mzima hadi watu wasahau kwamba lipo. Kwa makabati ya namna hiyo mimi huweka mipaka miwili: ule wa mtengenezaji, usiovukwa, na mwingine unaolinganisha kifaa na nafsi yake. Joto likizidi lile la saa kama hii wiki iliyopita kwa nyuzi 5, niambie. Mpaka wa pili hugundua kichujio kilichojaa vumbi muda mrefu kabla ya ule wa kwanza.

Usitegemee joto peke yake, hata hivyo. Feni moja ikifa, zilizobaki huongeza kasi, na joto hubaki palepale. Grafu ya joto itakuwa imenyooka, wakati feni mbili zinakimbia kufidia ya tatu. Ndiyo sababu kasi ya feni ionekane kando ya joto, katika kisanduku kimoja.

Kwenye faiba, nyaya zinazobeba mwanga, tumia wazo lilelile la kulinganisha kifaa na nafsi yake. SFP (vipande vya kuchomekea nyaya hizo) zinazofuata kiwango cha SFF-8472 hutoa vipimo vitano: joto, volti, mkondo wa leza, mwanga unaotoka na mwanga unaoingia, kila kimoja na mipaka yake ya tahadhari na ya hatari. Andika mwanga ulioingia siku ulipofunga kiungo, kisha onyesha tofauti tangu siku hiyo. Kushuka kwa desibeli 3 ni kupoteza nusu ya mwanga, hata kama bado uko ndani ya mipaka. Kwa betri za UPS, kifaa cha umeme wa akiba, kumbuka kanuni ya mafundi: betri za risasi zilizofungwa hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Tarehe ya kufungwa kwa betri ni taarifa ya afya sawasawa na volti, kwa hiyo iweke kwenye dashibodi.

Sasa zile jumbe 200. Kabla hujagusa kanuni yoyote, chukua jumbe za siku moja, zipange kwa kifaa na kwa kihisi, uhesabu. Mfumo unaorudia onyo kila dakika 15 hutuma jumbe 96 kwa siku kwa kihisi kimoja tu. Inawezekana kabisa mvua yote inayokunyeshea inatoka kwenye feni mbili au tatu. Onyo moja ni tukio moja: litangazwe likianza, litangazwe likizidi, litangazwe likiisha. Basi.

Zile zinazowaka na kuzima kila baada ya dakika chache zinatokana na mpaka mmoja unaotumika kuingia na kutoka. Tenganisha. Onyo liwake joto likifika 45, lisizime mpaka lishuke chini ya 42 na kubaki huko mizunguko mitatu. Na usijenge mfumo wako wote juu ya trapu za SNMP, yaani jumbe ambazo kifaa hutuma chenyewe bila kuulizwa. Trapu husafiri kwa UDP, njia ya kutuma data bila kuthibitishwa kwamba imefika, kwenye bandari ya 162. Ikipotea njiani hakuna anayejua. Ichukulie kama mbiu ya haraka, na uendelee kuuliza mwenyewe kila dakika 5.

Usiwalaumu wenzako kwa kufunga jumbe. Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafisha mafuta huko Milford Haven, Wales, kililipuka na watu 26 wakajeruhiwa. Katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendeshaji wawili walikuwa wamemiminiwa alamu 275. Hakuna binadamu wa kusoma hayo yote. Ukimpa mtu kelele asiyoweza kuifanyia kazi, ataziba masikio, na atakuwa anafanya jambo la kibinadamu tu. Kwa hiyo kila onyo lipite kwenye swali hili kabla ya kuruhusiwa kulia: mtu akilipokea, atafanya nini, na lini? Feni moja kati ya tatu imesimama: tikiti ya kazi, kesho asubuhi. Mbili kati ya tatu: leo, kabla ya kufunga ofisi. Joto limevuka mpaka wa mtengenezaji: simu ilie, hata saa nane usiku. Onyo lisilo na jibu la swali hilo libaki kwenye grafu, lisitumwe kwa mtu.

Maneno ya onyo yanahitaji uangalifu kuliko rangi zake. Pengine simu yako inapokea kitu kama “Kihisi 1012, hali 3, 10.20.4.2”. Mtu aliyeko sokoni Ngamiani atafanya nini nacho? Linganisha na hili:

“Maabara, ghorofa ya 1, swichi kuu. Feni 2 kati ya 3 zimesimama tangu Jumatatu saa 4:10 asubuhi. Hewa inayoingia nyuzi 34. Wiki iliyopita saa hizi 29. Mtandao bado unafanya kazi. Badilisha trei ya feni leo. Spea: stoo, rafu B.”

Mahali, kilichoharibika, tangu lini, kinaelekea wapi, nini bado kizima, nini cha kufanya. Sentensi ya nini cha kufanya unaiandika mara moja kwa kila aina ya onyo, mchana, ukiwa na akili tulivu, ili yule wa zamu asiitunge usiku akiwa na usingizi. Onyo ambalo umeshindwa kuliandikia sentensi hiyo huenda halikustahili kuwa onyo.

Kwenye runinga ya ukutani, ondoa ile gridi ya visanduku 54. Juu kabisa weka orodha ya wagonjwa, mbaya zaidi kwanza, na mbele ya kila mstari weka umri wa tatizo kwa maandishi makubwa kuliko mengine yote. Fikiria kama “SIKU 19” ingekuwa imeandikwa pale kwa herufi za ukubwa wa kiganja, na asubuhi yake ilikuwa “SIKU 18”. Mkuu wako angeuliza mwenyewe siku ya tatu. Mtu akibonyeza kwamba amelipokea onyo, jina lake lionekane kando na alama ibadilike, lakini isirudi kijani, na mapokezi hayo yaishe muda wake baada ya siku mbili kama kazi haijafanyika. Pembeni weka saa ya usomaji wa mwisho, maana kivinjari kikiganda kitaendelea kuonyesha kijani cha jana kwa uaminifu wote.

Rangi zisibebe ujumbe peke yake. Kati ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, karibu 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwetu huku pia wapo, na huenda mmoja yuko ofisini kwako bila wewe kujua. Pembetatu kwa tahadhari, pembenane kwa dharura, alama ya kuuliza kwa kijivu, pamoja na neno lenyewe.

Kama una seva kwenye dashibodi hiyohiyo, jihadhari na diski. Utafiti wa Google wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba diski iliyopata kosa lake la kwanza la usomaji katika ukaguzi wa uso wake ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60. Kwa hiyo kosa moja tu linatosha kuagiza spea. Lakini zaidi ya thuluthi moja ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili hata moja kati ya zile za SMART, mfumo wa diski kujipima yenyewe, walizohesabu. Afya ya kijani haiondoi haja ya nakala rudufu.

Miaka ya nyuma, nikisimamia mtandao wa taasisi moja pwani, aliyenieleza kwamba swichi inaumwa alikuwa mlinzi wa usiku. Aliniambia, “Mwalimu, ile mashine yako ya chini ya ngazi taa yake imegeuka rangi ya chungwa tangu Ijumaa.” Kioo cha dashibodi yangu kilikuwa kijani. Tangu hapo nina zoezi ninalolifanya kila robo mwaka, nami nakuomba ulifanye wiki hii kabla ya mabadiliko mengine yoyote. Zunguka majengo yote 9 na tochi. Kila taa ya chungwa au nyekundu uikutayo, iandike, kisha rudi uangalie kama dashibodi nayo inaisema. Orodha ya tofauti ndiyo orodha yako ya kazi.

Ukishazifunga tofauti hizo, fanya jaribio. Chagua swichi yenye pawa saplai mbili, waarifu wakuu wa idara, mweke mwenzako mbele ya runinga bila kumwambia ni jengo gani, kisha chomoa waya mmoja wa umeme na uanze kuhesabu dakika hadi akupigie kukutajia jengo, ghorofa na kilichoharibika. Ila kabla ya kuchomoa, piga magoti nyuma ya raki uhakikishe kwa macho yako kwamba taa ya pawa saplai itakayobaki inawaka kijani.